Ufunguo wa Duilio

Kanisa limefungwa. Ufunguo anao Duilio,
na Duilio yuko mizeituni, anatikisa matawi.
"Atarudi," asema Ersilia, bila kusema lini,
akatusogezea viti, na karai la maharage.

Basi tukamenya.
Mchana ukajilaza kwenye ngazi za mawe,
ubavu juani, ubavu kivulini.
Kengele ikagonga tatu; sisi tukasema saa tisa,
na hakuna aliyekuwa na haraka ya kubishana.

Magharibi akaja, vumbi kwenye nyusi,
ufunguo mrefu kama mwiko.

Ndani, giza na harufu ya nta.
Unatia sarafu, taa inawaka dakika moja:
bawa la buluu, kidole kilichobanduka rangi,
uso wa nani yule,
tap! Giza.
Tukapekua mifuko. Maganda ya maharage tu.

Duilio hakucheka.
Akaanza kutusimulia ukuta,
akionyesha kwa mkono tusiouona:
hapa punda,
hapa mama mmoja, pua ya shangazi yangu hasa,
na hapa, ule mwaka wa tetemeko,
ufa ulipita katikati ya mto,
na mto, asema,
haukumwagika.