Moja, Chini ya Friji

Kabla haijawa riwaya ilikuwa Ijumaa,
ghorofa ya tatu, Magomeni, ngazi zisizo na taa,
meza ya plastiki yenye mguu mmoja wa kukopa,
na dadu ya pande ishirini.
Moja tu. Nyingine zilishapotea,
na hii nayo mtoto wa jirani aliitafuna,
tukaandika namba upya kwa rangi ya kucha.

Mimi ndiye niliyeshika hadithi.
Nikisema pana mlango, mlango upo.
Lakini kama utafunguka, hilo tuliliachia dadu,
nayo haikuwa na ndugu wala rafiki.

Zuwena, mhasibu wa bandarini,
alikuwa jitu lisilojua hesabu kupita tatu,
na sijawahi kumwona mtu akipumzika vile.
Kimweri, fundi friji, alicheza mchawi wa barafu;
hakujisumbua kwenda mbali.
Tulinagwe muuguzi alipitia kabla ya zamu ya usiku.
Nilimuuliza jina la mwizi wake akiwa anamenya ndizi.
"Kipukusa," akasema, mdomo umejaa.
Na Kipukusa akawa, miaka sita,
mwizi wa funguo za wafalme na viatu vya walinzi,
mwoga wa paka, mdai wa madeni ya watu wengine.

Sasa naandika. Sura ya kumi na tisa, Daraja la Ulimi:
daraja la nyama, linaloonja nyayo.
Mwishoni pana koo,
na aliyesema uongo langoni hana budi kuruka.
Kipukusa langoni alisema, "Sijabeba kitu."

Usiku ule, katikati ya daraja, Luku iliisha.
Tulinagwe alikuwa ameshairusha. Tuliisikia dadu
ikigonga meza, ikigonga sakafu,
ikibingirika kusikojulikana.
Kimweri akapiga magoti na tochi ya simu,
shavu sakafuni, mkono hadi begani.
"Iko chini ya friji," akasema.
Kisha, baada ya muda: "Moja."
Hakuna mwingine aliyeinama.
Tulinagwe alicheka, akavaa sweta, akaenda kazini.
Kipukusa akabaki kooni.

Katika kitabu nilimvusha.
Nani angenikamata? Kalamu haina pande.
Nikampa mruko wa kurasa mbili,
upepo, mwezi, kila alichostahili,
nikawasomea, Ijumaa, juu ya mihogo ya kukaanga.

Zuwena alifuta jicho.
Tulinagwe akaweka muhogo chini.
"Umeniibia," alisema.
"Sijakuibia, nimekuokoa."
"Wodini kwangu wako niliotaka wavuke.
Sikupewa kitabu cha kuwavushia.
Ile moja ni yangu. Irudishe."

Nikamtazama Kimweri, sijui kwa nini.
Alikuwa akichovya muhogo kwenye pilipili,
akichovya tena ule ule,
na bakuli lilikuwa tupu.

Sikuuliza.

Nilirudi nyumbani nikafuta ule mruko.
Sasa anaanguka, kama ilivyosemwa.
Lakini dadu ilisema anguka, haikusema kwa muda gani,
wala haikusema mfukoni ana nini.
Kurasa arobaini sasa, bado yuko hewani:
amemaliza kumenya ndizi,
amekumbuka nani anadaiwa na nani,
anapapasa funguo moja moja gizani,
na koo liko chini, limelowa, linangoja,
na mchapaji wa Kariakoo ananipigia simu
akiuliza sura ya ishirini iko wapi.