Unene wa Tiketi

Umeme umekatika tangu saa tatu. Kizota imetulia,
hata randa ya jirani Mlugu, inayopiga kelele mpaka Jumapili.
Nikasema: haya mashine, leo zamu yako.
Wiki nzima umenipasulia mkongo huku ukiguna,
ukiziunguza kingo zikawa nyeusi kama maandazi yaliyosahauliwa kwenye mafuta.
Msumeno ukinuka moshi, usiutukane mti.
Ni jino linaomba tupa.

Kwanza nilichomoa waya. Umeme haupigi hodi ukirudi.
Nikabana kabari kwenye meno, nikashika spana,
nikakumbuka: nati hii hufunguka kuelekea yanakotazama meno,
usiifuate mazoea.
Siku yangu ya kwanza hapa niliivuta mpaka machozi.
Fundi Ndahani alinitazama, akamaliza chai yake,
ndipo akasema: geuza mkono, Sechelela.

Utomvu wa msonobari wa Mafinga umeganda kwenye bapa.
Mafuta ya taa, brashi, subira.
Kisha tupa: jino hili limeinamia kushoto, linalofuata kulia,
kila moja misukumo mitatu, wala si minne,
maana jino fupi huwaachia wenzake kazi,
na refu hula peke yake mpaka livunjike.
Meno arobaini. Kwenye la ishirini na saba alipita muuza zabibu,
nikanunua fungu, nikapoteza hesabu,
nikarudi kwenye alama ya chaki, vidole vinanata.

Vumbi la Dodoma halina adabu, huingia hata kwenye beringi iliyofunikwa.
Nikapuliza. Nikapaka grisi. Nikalizungusha bapa kwa kidole
likapita lisiseme neno.
Chini ya meza, mguu wa nyuma, kati ya chuma na chuma,
kulikuwa na kitaka kimejibana.
Nikakichokoa kwa bisibisi, nikakifagia pamoja na unga wa mbao,
nikajisifu: usafi huu!

Saa tisa umeme ukarudi.
Nikakata ubao wa majaribio, kipande kimoja nikakigeuza,
nikavikutanisha dirishani.
Ndivyo msumeno unavyoungama: ukigeuza kipande,
kosa lake linakuja mara mbili.
Mwanga ukapita katikati, mwembamba, mweupe.

Nikalegeza, nikakaza. Nikaweka gonia.
Nikailaumu gonia.
Ndipo nikakikumbuka kile kitaka.
Na unga wote, debe zima, alikwisha kuuchukua Mama Nyemo.

Nilikimbia na aproni yangu. Nilimkuta ameshaushindilia jikoni,
chupa katikati, kibiriti mkononi.
"Subiri!"
Tukaumwaga uani, tukauchambua kama mchele wa mgeni,
kuku wakitusaidia vibaya.

Haikuwa taka. Ilikuwa tiketi ya treni,
zile za zamani, za kadi ngumu, ndogo kama kidole gumba:
Dodoma hadi Saranda, daraja la tatu,
kwenda tu.
Haijatobolewa.

Nilikaa juu ya debe nikiishika kwa ncha za kucha.
Kumbe milango ya mtaa huu, vitanda vya maharusi,
lile kabati la zahanati ambalo halijawahi kulia bawaba,
vyote vimenyooka kwa safari ambayo mtu hakuisafiri.
Mama Nyemo akauliza ni pesa ngapi.
Nikamwambia si pesa.
"Sasa mbio zote zile?"

Nikampigia Fundi. Yuko Mvumi, anangojea zamu ya macho.
"Fundi, mashine yako ina tiketi."
Kimya. Nyuma yake nikasikia nesi akiita majina, si lake.
"Umeirudisha?"
"Bado."
"Irudishe. Maandishi yatazame juu.
Yakilala chini, grisi itayafuta."