Nusu ya Jina

Siku tuliyomzika Mofya pale Sapinière
udongo ulikuwa mwekundu kama kutu,
na mimi, mwenzake wa zamu ya usiku miaka ishirini na sita,
nikapewa neno la mwisho.
Nikafungua kinywa nimwite kwa sauti ile tuliyoitana chini,
mashine zikinguruma, taa ndogo vichwani:
"Mo—"
Meno ya chini yakaruka.

Sikudanganyi. Yaliruka kama panzi,
yakagonga sanduku, tak,
yakalala ukingoni mwa kaburi yakicheka peke yake.
Watoto wakayaunga mkono.
Mjane akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtetemeka,
mpaka leo sijui alikuwa akilia au vipi.
Mkwe wangu Kyungu akayaokota, akayapangusa kwenye suruali,
akayatia mfukoni kama funguo za gari.
Nikarudi kuketi.
Nusu ya pili ya jina niliimeza.

Meno yale!
Gundi asubuhi, gundi tena mchana,
bukari ukiyavuta kama tope linavyovuta buti,
mbegu moja ya nyanya ikiingia chini yake inageuka jiwe.
Baba Yetu niliisali kwa midomo nusu.
Niliongea na watu huku ulimi umeyakanyaga,
kama mtu anayeushikilia mlango usio na bawaba
na bado anakaribisha wageni.

Nikauza mashine ya kuchomelea.
Chansa, mke wangu, hakusema kitu.
Alihesabu noti mara mbili,
akaongeza za kwake, za makaa, zenye weusi pembeni.

Daktari Kabedi, ghorofani kule Kamalondo,
msichana wa rika la kitinda mimba wangu,
alinionyesha vijiti vinne vya titani
vyembamba kama njiti za kiberiti.
"Hivi tu?"
"Hivi tu, tata. Mfupa wako umekonda, vinene vingeupasua."
Akanitia ganzi. Akatoboa.
Sauti ile niliijua. Ndogo, lakini niliijua,
mdogo wake mashine yangu ya miamba,
hata maji yalinyunyizwa vilevile.
Kila mara alisimama:
"Inauma, tata?"

Miaka ishirini na sita nilitoboa tumbo la nchi hii.
Sikumbuki hata usiku mmoja
niliozima mashine nikauliza.

Madini niliyoyatoa sijui yalikokwenda.
Haya kidogo yameingia kwangu, yamekaa.

Akayashusha meno juu ya vile vijiti:
ka. Ka. Ka.
Cha nne kikagoma kidogo, kisha, ka.
"Miwa, sahau," akasema. "Mahindi ya kuchoma, ngoja kwanza."
Nikacheka kwa sauti, mkono ukapanda kuziba mdomo
kwa mazoea tu,
ukafika, ukakosa kazi.

Jumapili nikapanda baiskeli mpaka Sapinière.
Nyasi zilishaanza kumwota juu, msalaba umeinama.
Sikubeba maua, Mofya aliyaita chakula cha mbuzi.
Nikatazama kulia, kushoto. Hakuna mtoto.
Nikapanua kinywa chote, taya likalia,
hakuna kilichotikisika:

"—fya!"

Mlinzi akatokea na jembe lake,
akauliza ninamwita nani.
Simwiti mtu, nikamwambia.
Ninamalizia.