Gundi ya Unga

Baba alitufundishia jikoni,
Iowa, theluji ikiwa imefika kwenye vioo,
na basi la njano la shule likipita barabarani
bila kupunguza mwendo, kana kwamba hatupo:
mimi, Hendrika, na kaka yangu Lambert,
rula, mkasi, Biblia, birika.

Mwalimu hodari, nisimsingizie.
Alitutoa nje tupime kivuli cha ghala la mahindi
hadi tukajua urefu wake bila kupanda ngazi.
Alipasua jicho la ng'ombe kwenye sinia
akatutolea lenzi, kitone kigumu cha maji.
"Msiniamini mimi," akasema. "Tazameni."
Nilikuwa na miaka tisa. Nikayachukua maneno yale
kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo
asiambiwe ni wa mlango gani.

Maana kitabu cha viumbe kilipofika kwa posta
baba alikesha nacho,
na asubuhi, kuanzia ukurasa wa mia na kumi na mbili
hadi wa mia na thelathini na moja,
karatasi zilikuwa zimeshikana, ubao mmoja
unaonuka unga mbichi.
"Humu hamna kitu," akasema.
Nasi tukaitikia: hamna kitu.
Jioni tuliulizwa kutoka daftari lake,
swali la kumi na saba, jibu la kumi na saba,
na jibu lilifika kabla swali halijavuta pumzi.

Ni yeye aliyetufundisha mvuke.
Tulikuwa tukibandua lebo kwenye mitungi ya pichi.
Wanga hulegea, alisema, kwa joto na unyevu;
subirini, msivute.
Lambert akaniangalia. Mimi nikaangalia mtungi.

Siku alipokwenda mnadani kununua ndama
tulitenga birika.
Tulitarajia shetani, au walau mwanamke uchi.
Tukakuta nyangumi.
Mchoro tu wa wino, na ndani ya minofu yake, nyuma kabisa,
vifupa viwili vya miguu asiyokuwa nayo.
Basi.
Lambert alicheka. Mimi nililia,
si kwa ajili ya nyangumi,
bali kwa udogo wa jambo lenyewe:
usiku mzima wa mtu mzima,
bakuli zima la unga,
kwa vifupa viwili.

Sasa mwalimu ni mimi.
Shule ya karibu ilifungwa, na Maren ana miaka tisa.
Tunapima vivuli. Kila Mei mkaguzi huja na fomu yake,
hesabu, kusoma, chanjo,
akanywa kahawa, akatia sahihi.
Mimi, nilijisifu kwa jirani, sina gundi nyumbani.

Jumanne Maren alipanda kiti kutafuta karatasi za rangi
akashuka na daftari la babu yake.
"Mama, ulilificha?"
"Limezeeka tu."
"Lilikuwa na kamba. Vifundo vitatu."

Nilifungua kinywa nimwambie humo hamna kitu
na sauti iliyokuwa ikipanda kooni
niliijua, hata kikohozi chake kile kidogo cha mwanzo.

Nikakaa. Vifundo nilivifunga mimi,
ikanichukua muda kuvifungua.
Akasoma la kumi na saba kwa sauti, polepole,
kidole chini ya mwandiko ulioinama.
"Ulijibu nini?"
"Kilichoandikwa."
"Lakini ulijibu nini?"

Sikuwa na jibu la hilo, sina hata leo.
Akaniuliza kama anaweza kumwuliza mwenyewe.
Ana miaka themanini na moja, nikamwambia, hasikii vizuri,
na mwisho tuliongea mwaka juzi, kuhusu ng'ombe.
"Nitapaza sauti," akasema.

Nikatafuta namba.
Simu ikaita mara sita.
Maren alikuwa ameshachonga penseli.