Siku ya Ishirini na Nane

Kifusi hakina anwani.
Lori la Behçet humwaga kilima kingine saa mbili asubuhi,
nami kwa glavu na koleo hutenga:
nondo huku, mbao kule,
mapande ya zege kwenye mdomo wa kisagio.
Nyuma ya uzio unapita mto Asi,
jina lake ndiyo tabia yake:
umeshika njia ya kaskazini, haukumwuliza mtu.

Wahenga walituonya habari ya ufa na ukuta.
Hawakusema ukuta ukishalala
ufa huenda wapi.
Mimi nimeuona. Huhamia ndani ya kokoto,
mwembamba kuliko unywele,
ukajikunja katika saruji kuukuu iliyoganda kwenye jiwe.
Ndiyo maana kokoto hizi zina kiu.
Ukizichanganya kavu zitakunywa maji yote,
zikuachie uji wa mchanga.
Basi tunazilowesha usiku kucha, kama maharagwe.

Bi Mukadder hupima kwa gramu:
majivu ya tanuri la makaa,
nyuzi za chuma zilizochomolewa kwenye matairi mabovu,
kilainishi cheusi kama chai ya rangi,
na vumbi la silika, jepesi hata ukikohoa limekwenda.
"Hili halijengi kitu," asema.
"Huenda tu palipo wazi, likakaa."

Jumanne nilikuta pande lenye kigae cha buluu,
msumari bado upo, na uzi wa kuanikia pilipili.
Lilikuwa jiko la mtu.
Kisagio kikinguruma, nikasimama nalo.
Behçet akazima injini.
Mwishowe nikabandua kigae, nikakitia mfukoni,
pande nikalirudisha kazini.

Leo silinda ya kwanza iko chini ya mashine.
Mshale unapanda. Kumi na tano.
Ishirini na mbili, ambapo za mwezi jana zilisalimu amri.
Thelathini. Bi Mukadder amevua miwani.
Thelathini na nne, paa!

Mlio huo tunaujua sote watatu.
Usiku ule ulikuwa mkubwa kuliko mji.
Hapa ni mdogo, chumbani penye feni,
na yupo wa kuandika namba.

Naandika. Wino unafifia, nakoleza.
Yeye anageuza kipande kwenye mwanga:
safari hii ufa umekata jiwe lenyewe,
haukupata upenyo pembeni.
"Zilizobaki, kwenye friji," asema.
"Zigande, ziyeyuke, mara mia tatu.
Halafu ndiyo tuzungumze."