Siku ya Kumi na Saba

Dagoretti, saa kumi alfajiri.
Namulika kwa simu mkia wa Nyange,
natafuta ute,
natafuta nisichotaka kukiona.

Daktari Mutheu alinichorea kwenye gunia la pumba:
Hapa yai lilipochomoka
pamebaki kidonda cha manjano.
Hicho ndicho bawabu. Homoni yake imefunga mlango.
Kikinyauka, joto linarudi,
na elfu tatu zako za mbegu zimekwenda na mkojo.

Basi humo ndani huenda mna kitu,
uzi, mwembamba kuliko wa fundi cherehani,
hakina moyo bado, hakina kwato,
na leo, leo hasa, lazima kiseme: nipo,
kwa neno lisilofika sikioni,
kabla mwili haujaamua kuwa hamna mtu.

Ng'ambo ya ukuta kichinjio kimewasha taa.
Kibathi ameshaniuliza bei mara mbili.
Ng'ombe asiyeshika, anasema,
ni nyama inayokula majani yako bure.

Nyange anacheua, hajui kama anaulizwa.
Nimekalia ndoo. Miguu imekufa ganzi.

Ute haupo.
Bado.

Nazima tochi,
nisije nikamkatiza anayesema.