Safu ya Mengineyo

Daftari lina safu tano nilizopewa:
kina, kasi, kivuli, kitanda, idadi.
Ya sita, nyembamba, pembeni, imeandikwa *mengineyo*,
na ndiyo iliyojaa kwanza.

Oktoba. Kijito cha Nambunju hakitembei tena.
Vimebaki vidimbwi vinne kati ya daraja la magogo
na mikorosho ya kaka yangu Chinguile,
kama mtu aliyekatizwa sentensi
akabaki na maneno manne mdomoni.

Namtafuta nambelu.
Urefu wake kidole cha shahada,
ubavuni mstari wa kutu, mkia kama ukucha uliotiwa hina.
Bibi alikaanga viganja viwili, tukala watu wanane.
Leo nalipwa elfu kumi kwa siku
nimhesabu nisimguse.

Dimbwi la kwanza: kina sentimita kumi na tisa,
kivuli hakuna, kitanda tope.
Kambale wawili wanahema juujuu
kama waliopanda Rondo na gunia kichwani.
Nambelu, sifuri.

La pili wamechota mchanga wa kujengea.
Maji yamebaki ndani ya alama za matairi ya lori.
Viluwiluwi. Sifuri.

La tatu nimelala kifudifudi, kidevu juu ya jiwe,
saa nzima, siafu wakinisaili miguuni.
Ndipo nikawaona, ndani ya mizizi inayoning'inia,
vichwa vyote upande mmoja,
upande ambao mto ulikuwa ukitokea.
Maji hayaji. Bado wanayaelekea.
Saba. Nikahesabu tena. Saba.
Kuhusu vichwa, hakuna safu.

Usiku nikarudi na tochi.
Wametoka kwenye kokoto, maji ya kufika kifundoni,
wanachokoa chini ya vijiwe bila haraka.
Watoto wao, wembamba kama uzi wa sindano,
wamejificha kwenye majani makavu yaliyozama.
Kumbe nyumba ina vyumba:
mchana mizizi, usiku kokoto, utotoni majani.
Na sisi kila Ijumaa ya usafi
tulikuwa tukiyaopoa yale majani kwa reki
tukapiga na picha.

Dimbwi la nne ni kwa Bi Somoe, kwenye jiwe la kufulia.
Nilikuja na sifuri yangu tayari.
Nikainama chini ya ukingo wa jiwe: thelathini na wanne.
Hakushtuka. Alikuwa akikamua kanga.
"Hao? Mwaka ule walipotia utupa huko juu
walifika hapa matumbo juu, nusu wazima.
Nikawaonea haya. Tangu hapo nafulia kwenye beseni,
povu nalimwagia migomba."
Mbona hukumwambia mtu?
"Nani aliuliza?"

Jioni Chinguile akashuka, pampu mgongoni,
salfa ya njano hadi kwenye nyusi.
"Wanauzwa hawa?"
Hawauzwi.
"Basi wanahesabiwa ili iweje?"
Nilitafuta jibu kwenye daftari, sikulipata.
Nikampa ndoo.
Alisuuza pampu yake mbali, kwenye korosho,
akinung'unika mpaka giza.
Si ushindi. Juu ya kilima kuna pampu nyingine kumi na mbili
na ndoo ninayo moja.

Novemba ikapita. Kidimbwi cha tatu kikawa sahani.
Saba, wanne, wanne, watatu.
Niliandika kwa penseli, kana kwamba namba
ingeweza kufutika kwa kuogopwa.

Kisha mvua ilinyesha Rondo, kwetu hata tone.
Alfajiri, kitandani, nikasikia kokoto zikigongana
na kijito kikimalizia sentensi yake.
Nikakimbia bila viatu.
Maji ya rangi ya chai, majani, fito, ndala moja ya mtoto.

Kina: kimepita rula.
Kasi: jani lilinipita kabla sijasema moja.
Kivuli: mawingu.
Kitanda: sikioni.
Idadi: sijui.

Mengineyo: wamepanda.